Mashimo ya utafiti wa madini Mbinga na Nyasa huzibwaje?

MGODI wa makaa ya mawe wa Ngaka, wilayani Mbinga, ulianza uzalishaji mwaka 2011 chini ya Tancoal, kampuni ya ubia kati ya Shirika la Maendeleo ya Taifa (NDC), lililokuwa na asilimia 30 ya hisa, na Intra Energy ya Australia. Kabla ya tani ya kwanza kuchimbwa, ardhi hiyo ilitobolewa kwa mashine za uchorongaji ili kupima unene wa matabaka ya makaa. Ndivyo ilivyo kwa kila mgodi, na pia kwa maeneo mengi zaidi ambayo hayakuwahi kuwa mgodi. Watafiti huja, huchoronga, hufungasha na kuondoka. Shimo hubaki.

Shimo lenyewe ni jembamba. La kutolea sampuli ndefu ya mwamba huwa na upana wa milimita 76 au 96, ingawa laweza kushuka mamia ya mita, na wembamba huo ndio unaolifanya lidharauliwe. Likiachwa wazi, maji ya mvua yenye samadi na mbolea huteremka hadi kwenye maji ya ardhini bila kuchujwa na udongo. Hatari nyingine haionekani kabisa: shimo lililopita katika matabaka mawili ya maji huyaunganisha. Chemchemi yaweza kupungua, au maji safi yakachanganyika na yaliyogusa makaa yenye salfa. Penye makaa, gesi ya methani nayo hupata njia ya kupanda juu. Maji ya bonde la Ruhuhu, yalimo makaa hayo, huishia Ziwa Nyasa.

Kutupia udongo na kukanyaga si kuziba. Rojo la saruji, au udongo wa bentonaiti unaovimba ukilowa, husukumwa kwa bomba kuanzia chini kwenda juu ili pasibaki uwazi katikati. Bomba la plastiki lililowekwa mdomoni hukatwa chini kabisa ya kina cha jembe; likikatwa juujuu, mkulima atakutana nalo msimu ujao. Mwisho udongo hurundikwa kidogo kupita usawa wa ardhi, kwa kuwa utashuka.

Kazi kubwa zaidi ni kurejesha uwanja wa mashine, mashimo ya tope na barabara za muda. Udongo wa juu, wenye rutuba, hutengwa tangu siku ya kwanza na kurudishwa mwisho. Katika milima ya Umatengo suala hili lina uzito wa pekee. Wakulima wa huko hulima ngoro: nyasi hulazwa kwa miraba kwenye mteremko, udongo wa katikati huchimbwa na kufunika nyasi hizo, na vishimo vinavyobaki hukusanya maji ya mvua. Maharage na mahindi hupandwa kwenye matuta. Barabara moja ya mashine ikikata mteremko huo huwa mfereji, na ngoro za chini yake hubomolewa na maji. Kusawazisha ardhi tu, kama wafanyavyo baadhi ya makandarasi, hapa hakutoshi.

Sheria ya Madini ya mwaka 2010 humtaka mwenye leseni ya utafutaji alipe fidia ya haki kwa mazao na majengo anayoyaharibu. Baada ya marekebisho ya mwaka 2017, usimamizi uko chini ya Tume ya Madini, ambayo mkoani Ruvuma huwakilishwa na Ofisa Madini Mkazi. Huko ndiko mwanakijiji aliyeachiwa shimo wazi apaswapo kupeleka malalamiko, akiwa na picha na mahali halisi lilipo.

Serikali ya kijiji isiharakishe kuthibitisha kwamba eneo limerejeshwa. Ukaguzi wa kuaminika ni ule wa Mei, mvua zilizoanza Novemba au Desemba zinapokuwa zimekwisha, kwani kifusi huwa kimeshuka na mifereji imejionyesha.