Kibao, Wino na Neno la Mtoto: Historia Fupi ya Uchapaji wa Picha katika Shule ya Msingi

1. Utangulizi

Katika Marabo, kwenye barabara itokayo Bunia kuelekea Komanda, mtoto aanzaye darasa la kwanza hukutana na Kiswahili mara mbili. Kwanza hukikuta sokoni, kanisani na uwanjani, ambako huwaunganisha wasemaji wa Kibira, Kingiti, Kilendu na Kihema. Kisha hukikuta kitabuni, endapo kitabu kipo. Na Kiswahili hicho cha pili mara nyingi kimetoka mbali, pamoja na picha za nyumba na vyombo ambavyo mtoto hajapata kuviona. Makala haya yanachunguza njia moja ya kuziba pengo hilo: mtoto kutunga maneno yake, kuchora picha yake, kuichonga juu ya kibao na kuichapa, akiongozwa na mwalimu aijuaye kazi hiyo. Inadaiwa hapa kwamba thamani ya njia hiyo haiko katika sanaa peke yake. Iko katika swali la nani anachapa maneno ya mtoto, kwa lugha gani, na ili yasomwe na nani.

2. Maneno ya watoto, vitabu vya wengine

Swali hilo si geni katika historia ya Kiswahili. Katika shule ya Kiungani, Unguja, iliyoendeshwa na misheni ya UMCA, walisoma vijana wengi waliookolewa utumwani. Mwaka 1887 A. C. Madan alitoa kitabu cha masimulizi ya maisha yao. Vijana walikuwa wameandika kwa Kiswahili. Kitabu kilitoka London kwa Kiingereza. Mwaka uliofuata, 1888, lilianza jarida la Msimulizi, lililotoka Kiungani kwa Kiswahili na kusomwa na watu wa misheni hiyo hiyo. Kitabu kiliyachukua maneno ya vijana na kuyapeleka kwa wasomaji wa ng'ambo. Jarida liliwarudishia maneno wenyewe.

Nchini Kongo hali kama hiyo iliikuta picha. Mwaka 1931 kilitolewa Brussels kitabu cha hadithi kiitwacho L'éléphant qui marche sur des œufs, kwa jina la Badibanga, kikiwa na picha za Djilatendo, mchoraji wa Kasai. Kitabu hicho kilikuwa kwa Kifaransa. Ilhali miaka miwili tu kabla, mwaka 1929, utaratibu wa shule uliotolewa na serikali ya kikoloni ulikuwa umezipa lugha za Kiafrika nafasi katika madarasa ya mwanzo. Kwa hiyo mchoraji alikuwapo, hadithi zilikuwapo, na lugha ya kufundishia ilikuwapo. Lakini vitu hivyo vitatu havikukutana katika ukurasa mmoja mbele ya mtoto. Hata karakana ya Pierre Romain-Desfossés, iliyoanzishwa Elisabethville mwaka 1946 na kuwakuza wachoraji kama Pilipili Mulongoy, ilitoa zaidi kazi za kutundikwa ukutani.

Aliyejaribu kuleta sanaa karibu na shule katika eneo hili alikuwa Margaret Trowell, aliyefundisha Makerere tangu miaka ya 1930. Miongoni mwa wanafunzi waliopitia chuo chake walikuwamo Sam Ntiro na Elimo Njau, wote wazaliwa wa Kilimanjaro. Hata hivyo, mfano ulio kamili wa mwalimu wa shule ya msingi aliyeunganisha picha ya mtoto, uchapaji na somo la kusoma hauna budi kutafutwa nje ya Afrika, katika kijiji cha kusini mwa Ufaransa.

3. Bar-sur-Loup

Célestin Freinet alianza kufundisha Bar-sur-Loup mwaka 1920. Alikuwa amejeruhiwa kifuani vitani mwaka 1917, na alieleza kwamba pumzi yake haikumruhusu kusema kutwa mbele ya darasa. Mwaka 1924 aliingiza darasani mtambo mdogo wa kuchapia kwa mkono. Watoto walisimulia waliyoyaona njiani. Darasa lilichagua simulizi moja kwa kura, likaisahihisha pamoja, likapanga herufi za risasi na kuichapa. Kuanzia mwaka 1926 kurasa hizo zilibadilishwa na shule ya René Daniel huko Trégunc, Bretagne, mamia ya kilomita kutoka hapo. Mtoto wa mlimani akawa anaandika ili asomwe na mtoto wa pwani.

Picha katika kazi hii ilipata nguvu kwa Élise Freinet, mkewe tangu mwaka 1926. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na pia mchongaji wa vibao vya mti vya kuchapia picha, na mwaka 1927 alipata tuzo ya Gustave Doré. Katika shule za harakati hiyo watoto walichonga zaidi linoleamu, yaani kitandiko cha sakafu kitengenezwacho kwa mafuta ya kitani na unga wa gome, kwa kuwa ni laini kuliko mti. Mwaka 1927 lilianza jarida la La Gerbe, lililokusanya maandishi na picha za watoto wa shule mbalimbali.

4. Kibao kama somo la lugha

Kwa mwanaisimu, jambo la kutazamwa hapa ni kazi yenyewe. Kinachochongwa hubaki cheupe; kinachoachwa ndicho kinachopokea wino. Aidha, kila kitu hutoka kimegeuka. Mtoto akichonga herufi b kama anavyoiandika daftarini, karatasi itamwonyesha d. Akitaka neno baba lisomeke, hana budi kulichonga kinyume, kuanzia kulia. Kosa ambalo mwalimu hulisahihisha mara mia kwa kalamu nyekundu, kibao hulionyesha mara moja, bila kumwaibisha mtoto.

Vifaa si kikwazo kisichovukika. Kiazi kilichokatwa hutosha kwa herufi moja. Mpira wa ndani wa gurudumu, ukikatwa na kugundishwa juu ya ubao, hutosha kwa picha. Masizi na mafuta huweza kuwa wino. Kinachohitajika kwanza ni mwalimu aliyekwisha kuchonga kibao chake mwenyewe.

5. Hatari ya neno lililochapwa

Historia hii isisimuliwe kana kwamba ni furaha tupu. Huko Saint-Paul, mwishoni mwa mwaka 1932, ndoto iliyosimuliwa na mwanafunzi mmoja, ambamo meya wa mji aliuawa, ilichapwa darasani. Wapinzani wa Freinet walibandika maneno hayo kwenye kuta za mji. Mwaka 1933 alilazimika kuiacha shule hiyo, na mwaka 1935 alifungua yake huko Vence.

Ituri haina haja ya kufafanuliwa uzito wa mfano huo. Vita vya mwaka 1999 hadi 2003, na mauaji yaliyofuata baadaye, viliwaachia watoto masimulizi ambayo jirani huweza kuyasoma kama mashtaka. Hapo ndipo kura ya darasa na usahihishaji wa pamoja vinapopata maana nyingine: kabla neno halijawa wino, wale wanaokaa dawati moja wamelijadili na kulikubali.

6. Hitimisho

Semina ya wanaisimu iliyofanyika Lubumbashi mwaka 1974 ilizitetea lugha za taifa katika elimu, na sheria ya elimu ya Februari 2014 ikazipa nafasi ya kufundishia. Mwaka 2019 shule ya msingi ya serikali ilitangazwa kuwa bila malipo, na madarasa yakajaa. Sheria haichapi vitabu. Ukurasa mmoja wa Kiswahili cha Marabo, wenye picha iliyochongwa na mtoto wa Marabo, hauwezi kushika nafasi ya kitabu cha wizara; lakini huweza kuwekwa kando yake, na mwanafunzi akajifunza kwa kulinganisha kwamba Kiswahili cha kitabuni na chake ni lugha moja, na kwamba zote mbili huandikika. Ni wajibu wa vyuo vya ualimu kuamua kama uchongaji wa kibao utaendelea kuhesabiwa kuwa kazi ya mikono ya Ijumaa alasiri, au utaingizwa katika somo la kusoma na kuandika.