Mafiga, Matanuru na Mavi ya Chuma: Kutambua Aina za Moto katika Historia ya Bonde la Kilombero

Katika Kiswahili, neno "tanuru" hutaja mahali pa kuokea mikate, pa kuchomea matofali au chokaa, na pa kuyeyushia madini. Upana huo humtatiza mwanahistoria anayekuta udongo uliochomeka ardhini. Makala haya yanadai kuwa aina ya tanuru hutambuliwa kwa jinsi lilivyopata hewa na kwa taka zilizobaki, wala si kwa alama za moto pekee.

Mkula, kijiji kilicho chini ya Milima ya Udzungwa, ni mfano unaofaa. Kwa kuwa bonde lina joto, nyumba hazikuhitaji tanuru la kuzipasha. Moto wa mafiga ulitosha kupikia na kuota. Moto huo huacha majivu na udongo mwekundu. Tanuru la matofali, kwa upande wake, ni rundo la matofali mabichi lililokandikwa udongo, lenye matundu ya kuni chini. Moto ukizidi, baadhi ya matofali huyeyuka na kung'aa kama kioo, hata yakadhaniwa kuwa mavi ya chuma.

Uyeyushaji wa chuma ulifuata njia nyingine. Huko Ufipa, malungu, yaani matanuru ya udongo yenye kimo cha takriban mita 3, yalivuta hewa yenyewe kupitia matundu ya chini. Kisha chuma kilisafishwa katika vintengwe, matanuru madogo yaliyopulizwa kwa mivukuto. Chuma hicho hakikuwa maji, kwani huyeyuka kwenye nyuzi 1538 za Selsiasi. Kilipatikana kama bonge, na uchafu ndio uliotiririka.

Mhunzi naye aliweza kufua jembe kuukuu bila kuyeyusha jiwe lolote. Kwa hiyo mavi machache na magamba yanayonaswa na sumaku huthibitisha ufuaji tu. Ushahidi wa uyeyushaji ni marundo ya mavi mazito, pamoja na vipande vya kuta za tanuru na vya mirija ya udongo iliyopitisha hewa.

Tofauti hii ina uzito. Kuthibitisha uyeyushaji ni kuthibitisha kwamba jamii ilichimba mawe, ilichoma mkaa na kumiliki maarifa hayo. Ufuaji pekee huelekeza kwenye chuma kilichonunuliwa. Mtafiti wa Kilombero asiyetenganisha mambo hayo anaweza kuwanyima wenyeji ufundi wao, au kuwapa usio wao.