Chama Chako Kimezaliwa kwa Sheria Ipi?

Ukiteremka kutoka Iringa mjini kuifuata barabara kuu iendayo Dar es Salaam na Mbeya, unafika Ipogolo. Hapo, katika miaka ya 1990, niliwakuta kina mama waliokuwa wakitunza yatima. Walichanga fedha, wakanunua kiwanja, kikaandikwa jina la mweka hazina wao. Mweka hazina akafariki dunia, na warithi wake wakakidai. Cheti cha usajili wa chama kilikuwapo ukutani, tena ndani ya fremu, lakini hakikuwasaidia kitu.

Kwa nini? Jibu limo katika historia.

Sheria ya Vyama ilitungwa na wakoloni mwaka 1954, mwaka uleule TANU ilipozaliwa. Shabaha yake haikuwa kukipa chama uwezo wa kumiliki mali, bali kukiweka chini ya macho ya serikali. Msajili aliweza kukubali au kukataa. Usukumani, TANU ilizuiwa hadi 1958.

Mwaka 1956 ikaja sheria ya kuandikisha wadhamini, nayo ilikuwa na kazi nyingine. Wadhamini wakishaandikishwa kwa Kabidhi Wasii Mkuu, huwa kama mtu mmoja mbele ya sheria, tena mtu asiyekufa. Mmoja akifariki, mali hubaki kwa bodi, haiendi kwa watoto wake.

Tulipopata Uhuru mwaka 1961, sheria hizo tulizirithi. Ile ya 1954 iliendelea kuuma. Baraza la Wanawake Tanzania, BAWATA, liliandikishwa chini yake mwaka 1995. Mwaka 1996 likasimamishwa, na 1997 likafutwa. Kina mama wakaenda Mahakama Kuu, wakashinda mwaka 2009. Haki ilipatikana, lakini miaka 12 ilikuwa imekwisha kupita.

Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya 2002 ilifungua mlango mwingine: shirika lingeweza kuandikishwa katika ngazi ya wilaya, mkoa, taifa au kimataifa, na kumiliki mali kwa jina lake. Kisha marekebisho ya 2019 yakatenganisha kampuni, vyama, wadhamini na mashirika hayo, kila moja na sheria yake.

Kwa hiyo, ndugu zangu, kabla ya kukimbilia cheti, jiulizeni: Tutamiliki nini? Sisi waanzilishi tukifa, nani atashika? Chama cha kufa na kuzikana hakihitaji mzigo mkubwa. Lakini wenye kiwanja, jengo au gari watafute wakili mapema, wakati wote wangali hai na wanapatana. Wahenga walinena, mali bila daftari hupotea bila habari.

Kina mama wa Ipogolo walipatana na warithi, wakagawana kiwanja nusu kwa nusu. Nusu iliyobaki kwao waliiweka mikononi mwa bodi ya wadhamini.