Taa za Mitaani Zimehamia Sokoni

Msikilizaji, katika safari yangu ya Hong Kong niliingia Soko Kuu nikidhani nitakuta samaki, nikakuta taa. Soko hilo lilianza mwaka 1842, na jengo lililopo ni la mwaka 1939. Wachuuzi waliondoka mwaka 2003, kiwanja kikawekwa katika orodha ya kuuzwa, mpaka serikali ilipobadili nia mwaka 2009. Lilifunguliwa upya mwaka 2021, likiwa na maduka na mikahawa. Siku hiyo mlikuwa na maonyesho ya sanaa ya mabango ya neoni.

Gesi ya neoni iligunduliwa London mwaka 1898 na William Ramsay na Morris Travers. Mfaransa Georges Claude akaitia katika mirija ya kioo, akaionyesha Paris mwaka 1910. Umeme ukipita ndani yake, hutoa wekundu kama wa makaa.

Hayo ni ya vitabuni. Kilichonishika mimi ni kazi ya mkono. Mwenye duka wa Hong Kong alimwendea kwanza bingwa wa khati, amwandikie jina la duka kwa brashi. Herufi zikakuzwa kwenye karatasi kufikia ukubwa wa bango lenyewe. Ndipo fundi akauweka mrija juu ya moto hadi ulegee, akaupinda kufuata mchoro, huku akipuliza kwa kipira alichokibana mdomoni ili mrija usibonyee. Yote hayo kwa sekunde chache, kabla kioo hakijakaza.

Alama ya maduka ya rehani ni popo aliyeshika sarafu, kwa kuwa kwa Kichina jina la popo linatamkwa sawa na neno la neema. Ndugu zangu wa Pemba na Unguja, mnaokumbuka Popobawa wa mwaka 1995, msicheke.

Kisha zikaja taa za LED, na serikali nayo ikaamuru mabango yaliyokiuka sheria za majengo yateremshwe. Siilaumu sana, chuma kizito juu ya vichwa vya wapita njia si mchezo. Hata yule ng'ombe mkubwa wa neoni wa mkahawa wa Sammy's Kitchen aliteremshwa mwaka 2015, akachukuliwa na jumba la makumbusho la M+.

Mbele ya bango moja nilimkuta mzee na bintiye. Wengine walikuwa wakipigana picha. Yeye aliinama kukagua kona za mirija. Binti akaniambia kwa Kiingereza kwamba babaye alikuwa fundi wa kazi hiyo. Nikauliza ni nani aliyemrithi. Swali hilo hakumfasiria mzee. Alinijibu mwenyewe, kwa sauti ya chini, kwamba yeye ni karani wa benki.