Njia Mbili Zinapoingia Moja

Watu wakifa kwa kukanyagana, neno la kwanza kusikika huwa ni lile lile: walifanya fujo. Nami nililiamini, mpaka siku nilipobanwa kwenye geti la uwanja wa mpira. Sikumsukuma mtu. Nilibebwa tu, miguu haigusi chini. Tangu hapo nimekuwa nikifuatilia historia ya Mina, karibu na Makka, ambako mahujaji hukusanyika kila mwaka kurusha mawe.

Tarehe 2 Julai 1990, mahujaji 1,426 walifariki ndani ya njia ya chini kwa chini. Tarehe 12 Januari 2006 wakafa zaidi ya 340 pale pa kuingilia daraja la Jamarat. Safari hiyo kamera zilinasa yote. Mtaalamu wa fizikia kutoka Ujerumani, Dirk Helbing, na wenzake walizichambua picha hizo, wakatoa matokeo mwaka 2007. Kwanza watu walitembea vizuri. Kisha wakawa wanakwenda na kusimama, kwenda na kusimama. Mwisho umati ukayumba huku na huku kama bahari iliyochafuka. Hapo hakuna anayechagua pa kukanyaga.

Hesabu yake si ngumu. Njia yenye upana wa mita 1 hupitisha watu kama 80 kwa dakika. Sasa chukua njia mbili za mita 3 kila moja, uziingize katika njia moja ya mita 4. Wanakuja 480, wanapita 320. Kila dakika wanasalia 160. Dakika 5 zikipita ni watu 800. Na aliye nyuma haoni yanayompata wa mbele, kwa hiyo anaendelea kuja.

Baada ya 2006 daraja lilijengwa upya kwa ghorofa, na wanaokwenda wakatenganishwa na wanaorudi. Lakini tarehe 24 Septemba 2015, mbali na daraja, mikondo miwili ilikutana kwenye makutano ya barabara ya 204 na ya 223. Serikali ya Saudia ilitaja vifo 769. Hesabu zilizojumlishwa nchi kwa nchi zilipita 2,000. Tanzania na Kenya nazo zilipoteza watu.

Basi, msiba wa namna hii ukitokea, kabla ya kuuliza nani alisukuma, tuulize njia ilikuwa na upana gani na nani aliyeipima. Marehemu hana mdomo wa kujitetea. Hesabu inaweza kumsemea.