Habari ya Selimundu na Homa ya Malaria

Leo tumekusudia kueleza habari ya ugonjwa mmoja wa damu, na jinsi watu wa elimu walivyoifuata asili yake mpaka wakaijua. Twaomba mtusikilize kwa utulivu, kwani sehemu kubwa ya fumbo hili ilifumbuliwa katika Afrika ya Mashariki yetu, Kenya na Uganda.

Ugonjwa huo waitwa selimundu. Mtoto huzaliwa mzima, kisha baada ya miezi kadha huanza kuvimba mikono na miguu, hupungukiwa na damu, macho huwa ya manjano, na viungo humwuma hata akalia usiku kucha. Pengine ndugu zake wa tumbo moja hawana neno. Basi tangu zamani watu wameuliza: Kwa nini huyu, wala si yule? Na jibu lilipokosekana, lilitungwa. Wengine walisema amelogwa, wengine wakasema mizimu imekasirika, na mara nyingi lawama ilimwangukia mama.

Mwaka 1910 daktari James Herrick wa Chicago, Marekani, alichapisha habari ya kijana mmoja aliyetoka kisiwa cha Grenada. Katika damu yake, chini ya hadubini, zilionekana chembe nyekundu zilizopindika mfano wa mundu, hali chembe za kawaida ni za duara kama sarafu. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kuwa kasoro imo katika himoglobini, yaani kile kitu chekundu kinachochukua oksijeni ndani ya damu. Mwaka huo huo James Neel alieleza jinsi kasoro hiyo irithiwavyo.

Kanuni ya urithi yenyewe ilikwisha kupatikana zamani. Gregor Mendel, mtawa wa mji wa Brno, alipanda njegere maelfu kwa maelfu, akazihesabu moja moja, akachapisha matokeo yake mwaka 1866. Kwa kanuni hiyo, kila mtu hupokea jeni mbili za himoglobini hii, moja kwa baba na moja kwa mama. Aliyepata jeni moja ya mundu na moja nzima kwa kawaida haugui. Yeye ni mbebaji tu. Aliyepata mbili za mundu ndiye mgonjwa. Wabebaji wawili wakioana, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kuleta mtoto mgonjwa. Yatupasa tulishike sana jambo hili: mtoto huyo hakupata ugonjwa kwa mama peke yake. Nusu ameipokea kwa baba, na wala hapana aliyejua alichokuwa akitoa.

Lakini hapa palizuka swali gumu. Charles Darwin, katika kitabu chake cha mwaka 1859, alieleza kwamba viumbe wenye sifa iwafaayo mahali pao huishi na kuzaa zaidi, na sifa ile huenea. Sifa yenye kudhuru hupungua kizazi baada ya kizazi. Ikiwa watoto wenye selimundu walikufa wengi kabla ya kuzaa, mbona jeni ile haikutoweka?

Aliyelipata jibu ni Anthony Allison, aliyelelewa Kenya na kusoma Oxford. Mwaka 1949 alizunguka Kenya akichukua damu za watu wa makabila mbalimbali. Pwani na kando ya Ziwa Victoria aliona wabebaji kupita 20 katika kila watu 100. Katika nyanda za juu, hawakufika hata 1. Hesabu hii haikufuata lugha wala ukoo. Ilifuata mbu waletao malaria.

Akarudi kupima wazo lake. Mwaka 1954 alitangaza habari za watoto 290 wa karibu na Kampala. Katika wabebaji 43, wenye vimelea vya malaria walikuwa 12. Katika wasio wabebaji 247, walikuwa 113. Ndiyo kusema, kama 28 kwa mia upande mmoja, na 46 kwa mia upande wa pili. Uchunguzi wa baadaye, pamoja na ule wa Kilifi, ulithibitisha kwamba mbebaji amekingwa sana na malaria kali.

Basi fumbo likafumbuka. Mahali penye malaria, asiye na jeni ya mundu aliweza kuuawa na homa. Mwenye mbili aliuawa na damu yake. Mwenye moja alinusurika, akazaa. Haba na haba hujaza kibaba: vizazi vingi vilipopita, jeni ile ikadumu. Tena haichagui rangi ya mtu. Imo Ugiriki, India, na Arabuni ya mashariki, nchi ambazo nazo ziliijua malaria. Na huko Marekani, ambako malaria ilikomeshwa mwaka 1951, kinga yake haina kazi tena, bali ugonjwa umebaki.

Wasikilizaji, maarifa haya yalipatikana kwa kutazama, kuhesabu, na kupima tena lile lililodhaniwa. Siku hizi kipimo cha damu huwaonyesha wachumba kama ni wabebaji, na mtoto akijulikana mapema huweza kutunzwa akakua. Nyumba yenye mtoto wa namna hii imebeba mzigo wa kutosha. Tusiuongeze kwa kumtafuta mchawi, wala kwa kumnyoshea mama kidole. Kwa leo tunakoma hapa.