Jahazi Lililouzwa Mara Mbili

Safari hii hatuandiki juu ya vibali vya kazi wala karo za shule. Tunataka kusimulia habari za majahazi na kuuzwa kwake, kwa sababu jambo hilo limetuingilia nyumbani bila ya kubisha hodi.

Kaka yetu mkubwa alitupigia simu kutoka Lamu usiku mmoja baada ya sala ya Isha. Akauliza hali za watoto, akauliza joto, akauliza kazi, na sisi tukajua kuwa kuna zito linakuja. Mwishowe akasema: "Mdogo wangu, jahazi la mzee limepata mtu." Mtu mwenyewe alikuwa mfanyabiashara wa utalii, aliyetaka kuligeuza nyumba ya wageni inayoelea: vitanda, choo cha maji, friji ya soda, na makochi pale shetrini. Ndugu zetu watatu walikwisha kubali. Ilibaki sahihi yetu.

Sasa, jahazi lile lilikuwa nyumba. Marehemu baba alilitumikia miaka mingi kwa kubeba boriti na chokaa kutoka Lamu hadi Mombasa, na alipozeeka na mizigo ikapungua hakutaka kurudi nchi kavu. Alilitia nanga mbele ya mji, akaezeka makuti juu ya tezi, akapakia sanduku la nguo, mkeka, msahafu, redio ya betri na jiko la mkaa lililokaa ndani ya kasha la mchanga, akaishi humo karibu miaka 11. Mama alikataa katakata kuhamia. Alisema yeye hakuolewa na samaki. Kila Ijumaa baba alishuka kwa sala na kwa pilau ya mama, na jioni akapanda mtumbwi akarudi kwake. Sisi tulipokuwa tukija likizo kutoka masomoni ng'ambo tulilala naye huko. Usiku tulisikiliza mbao: maji yakijaa zilikuwa na sauti yake, yakitoka zilikuwa na nyingine, na baba aliweza kusema saa bila kutazama saa.

Tulimweleza habari hii mzee mmoja wa Kiomani, mzaliwa wa Unguja, tunayekutana naye msikitini hapa Al Sadd. Alituambia: "Usitie sahihi kwanza. Nenda Sur ukaone jahazi lililouzwa kisha likarudi." Tulimwamini, maana si mtu wa maneno mengi. Tulipopata siku nne za mapumziko tukaruka hadi Maskati, na kutoka hapo ni mwendo wa saa 2 hivi kwa gari kufuata pwani.

Jahazi hilo linaitwa Fatah al-Khair. Ni ganja (vijana wasicheke, hapa ganja ni aina ya chombo, ndugu yake kotia ya Wahindi), na liliundwa hapo hapo Sur mwaka 1951. Urefu wake unazidi mita 20 na uzito wake hutajwa kuwa kiasi cha tani 300. Omo yake imejikunja juu kama shingo ya ndege, na tezi imechongwa nakshi ambazo mtu wa Lamu atazitambua mara moja, kwa kuwa ndizo dada za nakshi za milango yetu. Lilifanya biashara katika bahari hii kwa miaka, kisha likauzwa, likaishia mikononi mwa watu wa Yemen. Mwaka 1993 watu wa Sur walichangishana fedha, wakalifuata Yemen, wakalinunua na kulirudisha kwao. Leo limewekwa nchi kavu karibu na khori, na watoto wa shule hupelekwa kulitazama.

Tulilizunguka mara tatu. Ni lazima tukiri kuwa fikra ya kwanza iliyotujia haikuwa ya historia bali ya uhandisi: chombo cha mbao kikitolewa majini huanza kufa namna nyingine. Majini adui ni wadudu wanaotoboa mbao, ndiyo maana wazee walikuwa wakipandisha chombo pwani mara kwa mara, wakakipaka shahamu na chokaa chini na mafuta ya sifa juu. Nchi kavu adui ni ukavu. Mbao hujikunyata, kalafati hulegea, na mkuku uliozoea kubebwa na bahari yote kwa usawa sasa hubebwa na nguzo chache tu. Kulihifadhi jahazi ni gharama isiyokwisha, na ajabu ni kuwa watu wa Sur waliikubali.

Lakini kwa nini vyombo vile viliuzwa? Watu husema "meli za moshi", wakanyamaza, kana kwamba jambo lilitokea siku moja. Meli za moshi zilikuwapo katika bahari hii tangu karne ya 19, na majahazi yakaendelea bega kwa bega nazo. Mwaka 1938 Alan Villiers, baharia wa Australia, alipanda bumu la Kuwait lililoitwa Bayan, nahodha wake Ali bin Nasser al-Nejdi, akasafiri nalo katika msimu ule hadi Mogadishu, Lamu, Mombasa na Unguja, kisha delta ya Rufiji. Aliyoyaona aliyaandika katika kitabu chake Sons of Sinbad, kilichotoka mwaka 1940. Biashara ilikuwa hai. Majahazi yalishuka na kaskazi yamejaa tende na abiria, na kusi ilipoanza yakarudi na boriti.

Hapa tuwaombe wasomaji mtuvumilie, maana hizi boriti ndizo mkate wetu. Mikoko ya Rufiji na Lamu hutoa miti migumu iliyonyooka, isiyoliwa upesi na mchwa, lakini urefu wake unaofaa kwa dari hauzidi sana mita 3. Ndiyo maana vyumba vya nyumba za mawe za Lamu ni vyembamba na virefu. Ukitaka chumba kipana huna boriti ya kukivuka. Tulipofika Doha mara ya kwanza tuliingia katika nyumba ya zamani, tukainua macho, tukaona dari ile ile, boriti zimepangwa sambamba, juu yake mianzi na majamvi, kisha udongo. Wenyeji huziita danshal. Vyumba navyo ni vyembamba vile vile! Nchi hii haina msitu wa kutoa mti wa dari ndefu, kwa hiyo upana wa chumba alichozaliwa Mqatari wa zamani uliamuliwa na mti uliokatwa katika tope la Afrika Mashariki. Anayetaka kuthibitisha apande treni ya Metro hapa Al Sadd, ashuke Souq Waqif, atembee kichochoroni na kutazama juu.

Villiers aliwaona wale waliozipakia boriti hizo. Mabaharia walikaa Rufiji wiki kadhaa, katika tope na mbu, wakiugua homa. Na malipo yao hayakuwa mshahara. Mapato ya safari yalitolewa gharama za chakula, nusu ikaenda kwa chombo, nusu ikagawanywa kwa mabaharia, na kwa kuwa kila mmoja alikwisha chukua kitangulizi kuiachia familia yake, wengi walirudi nyumbani wakiwa na deni. Nahodha naye alikuwa na deni kwa tajiri. Huku Qatar wapiga mbizi wa lulu walikuwa katika kamba hiyo hiyo, mpaka lulu za kupandikiza za Wajapani zilipoporomosha bei na bandari nzima zikaingia katika njaa.

Kisha mafuta. Qatar ilipakia shehena ya kwanza mwishoni mwa mwaka 1949, Kuwait ilikwisha tangulia mwaka 1946. Baharia aliyekuwa na deni la babu yake alipata kazi ya mshahara wa kila mwezi, nani angemwambia arudi Rufiji? Saruji na vyuma vikaingia, na dari haikuhitaji tena boriti. Ganja la Sur la mwaka 1951, basi, liliundwa wakati mlango unafungwa. Fundi aliyechonga nakshi za tezi ile labda aliwaona vijana wake wakielekea kwenye visima huku yeye ameshika tezo.

Na tusiipake historia hii sukari. Majahazi ya Sur yalibeba pia watumwa, na baadhi ya wenye vyombo walipeperusha bendera ya Ufaransa ili manowari za Uingereza zisiwapekue. Uingereza na Ufaransa zilipelekana mbele ya mahakama ya usuluhishi ya The Hague, na hukumu ikatoka Agosti 1905. Pamoja na mengine, mahakama iliamua kuwa ruhusa ya kupeperusha bendera hiyo haiwezi kuhamishwa kwa mtu mwingine wala kwa chombo kingine, hata kama vyote ni vya mwenye mmoja. Ungeweza kuuza mbao, misumari, tanga na nanga, lakini bendera ilibaki na yule aliyepewa.

Kwetu Lamu mlango ulifungwa kwa amri. Mwaka 1982 serikali ya Kenya ilipiga marufuku kusafirisha boriti nje ya nchi. Hatuilaumu, mikoko ilikuwa ikiisha na bila mikoko hakuna kamba wala samaki. Lakini majahazi yaliyokuwa yakiingoja kusi yakabaki na chokaa, mchanga na mawe ya kujengea, na baada ya muda malori yakachukua sehemu ya hiyo nayo. Baba alikuwa mmoja wa wale waliobaki na chombo kizuri kisichokuwa na mzigo. Tulipokuwa vijana tulidhani amehamia baharini kwa sababu ya hekima fulani. Siku hizi tunadhani alihamia kwa sababu chombo kisicho na mtu ndani huoza upesi, naye hakuwa na fedha za kumlipa mlinzi.

Tuliporudi Doha tulikuwa na hamasa kubwa. Tukawapigia simu ndugu zetu: tusiuze, tuchangishane kama watu wa Sur, tulipandishe pwani, tulifanye makumbusho. Kaka akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Nani atalipaka mafuta?" Tukasema tutatuma fedha. Akasema: "Fedha hazishiki brashi." Mama, ambaye amepita miaka 80, aliomba simu, akatuuliza kama katika zile siku nne za mapumziko tulishindwa kuja kumwona. Hatukuwa na jibu.

Tulimtuma fundi alikague. Taarifa yake ilikuwa fupi. Mataruma matano yameoza, mbao za karibu na ngama zinaingia kisu, mlingoti bado mzima. Tulipiga hesabu kama tunavyopiga hesabu za kazini, na gharama ya kulitengeneza kwa heshima ilizidi mara mbili bei aliyoitoa mnunuzi. Kuliacha pale nangani kungelizamisha katika masika mawili au matatu. Tulikumbuka Al-Muhallab, bumu la Kuwait lililowekwa karibu na makumbusho ya taifa kwa heshima zote, likateketea kwa moto wakati Iraq ilipoivamia nchi mwaka 1990. Wakuwait waliunda jingine kwa jina lile lile. Qatar nayo ina Fath Al Khair yake, jahazi lililotoka Katara mwaka 2013 likaenda hadi India. Ni vyombo vizuri sana, na tumekwenda kuvipungia mkono. Ila hakuna aliyewahi kuishi humo akikwepa tope la Rufiji au deni la tajiri.

Tukatia sahihi. Sharti letu lilikuwa moja, tupewe jicho la omo la upande wa kulia, lile duara la mbao lenye nyota na mwezi ambalo majahazi ya Lamu hutazamia njia. Mnunuzi alikubali bila kusita, akasema alikwisha panga kuweka mapya yanayong'aa. Kaka alilitoa mwenyewe kwa patasi. Alituambia baadaye kuwa misumari ilikataa, akalazimika kuikata.

Fedha ziligawanywa kwa sharia. Fungu letu tulimwachia mama, akanunua tangi la maji na kurekebisha dari, ambayo sasa ni ya zege. Wiki iliyopita kaka alituletea picha kwa simu. Jahazi limepakwa rangi ya samawati, lina jina jipya la Kizungu, na Wazungu wawili wamelala kwenye makochi pale ambapo mkeka wa baba ulikuwa. Tanga ni jipya kabisa. Mataruma yamebadilishwa yote matano. Tulimwomba kaka akahakikishe.

Jicho liko hapa ukutani, Al Sadd, juu ya televisheni. Kiyoyozi kinalikausha. Ufa ulioanzia kwenye nyota umefika karibu na ukingo, na kila mwisho wa mwezi tunalishusha na kulipaka mafuta ya nazi.